Mwalimu na Swali la Malkia wa Vumbi

Mwalimu hakuwahi kumpigia makofi mtu wa kwenye televisheni. Mshindani akijibu sawa, alisema, "Ndivyo ulivyofundishwa." Akikosa, alimnyooshea kidole pale pale kwenye kioo na kumwambia, "Simama hapo mpaka ujue." Halafu aliendelea kumkazia macho, hata kama matangazo ya sabuni yameshaanza, kwa imani kwamba yule mtu bado amesimama huko nyuma ya sabuni.

Mimi ndiye niliyemfungia hiyo televisheni. Nina kibanda mtaa wa Kimbo, hapa Ruiru, natengeneza redio, dikoda, na vitu vingine ambavyo wenyewe wameshavikatia tamaa. Yeye alikaa Gatongora, kwenye ploti yake, nyumba ya mawe yenye kuku mbele na migomba nyuma, na tangu astaafu ualimu sijapata mteja msumbufu kumshinda mama huyo. Alinifundisha darasa la tano, kwa hivyo hajawahi kuniita fundi. Aliniita "wewe". Nikishika simu hakuna cha habari wala cha umeamkaje. "Wewe, picha imeanza kurukaruka, na kipindi ni saa moja."

Kipindi kwake kilikuwa cha aina moja tu: maswali na majibu. Taarifa ya habari hakuitazama. Tamthilia alisema ni watu wanaopigiana kelele ndani ya nyumba nzuri. Lakini maswali, wee! Alitazama ya watoto wa shule Jumapili alasiri, ya watu wazima siku za kazi, na Jumamosi ya Wazungu kwenye dikoda, ambayo nusu yake yalihusu wanasiasa waliokufa. Na ndani ya hayo maswali yote alikuwa anawinda kitu kimoja, nacho ni vitabu vya Kisima.

Kama hukupitia shule yetu, ni hivi. Kuna vitabu vitano vya watoto, vya Kizungu, vya zamani. Msichana na kaka yake wanateremka ngazi ndani ya kisima kikavu na kutokea nchi nyingine, nchi ambayo Malkia wa Vumbi ameikausha yote. Bundi wa mguu mmoja ndiye anayewaongoza. Mwalimu alitusomea vyote vitano, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Kitabu cha Kiingereza mkononi, Kiswahili mdomoni, maana Kiingereza chetu sisi kilikuwa cha kuombea ruhusa ya kwenda choo. Kila aliyepitia mikononi mwake Ruiru hii anakijua Kisima.

Sasa, mtu huyu aliyewinda Kisima kila siku alikuwa na swali moja aliloomba kila siku lisiulizwe. Malkia wa Vumbi aliishia wapi? Jibu alilotupa sisi darasani hakulitoa kitabuni. Alilitoa kichwani mwake, akatudanganya darasa zima, na mwaka uliofuata akalidanganya lile lililotufuata, na kuendelea, mpaka akastaafu. Aliyelijua jambo hilo nilikuwa mimi peke yangu.

Nitaeleza nilivyojua, lakini kwanza lazima umjue mwenyewe.

Nyuma ya mlango wa stoo alikuwa na mistari ya chaki. Kisima kikitajwa waziwazi kwenye kipindi, alichora mstari mzima. Kikitajwa kwa mbali, nusu. Hapo kwa nusu ndipo tulipogombana. Kuna jioni mshindani mmoja alisema anapenda kutazama ndege usiku. Mwalimu akainuka kuelekea stooni.

"Nusu," akasema. "Ametaja bundi."

"Mwalimu, hajataja bundi."

"Ndege wa usiku ni gani, wewe? Kuku?"

Nusu ikachorwa. Siku nyingine mtangazaji alivaa shati lenye michoro ya ngazi, nayo ikawa nusu. Nilipopinga, aliniambia nimalize waya ulionileta.

Na siku stima ilipopotea! Ilipotea mtangazaji akiwa katikati ya sentensi: "Katika kitabu maarufu cha watoto, ndugu wawili wanateremka..." Giza. Mwalimu alinifanya nipigie wateja wangu wote ambao huenda stima yao ilikuwa bado iko, niwaulize swali lilikuwa gani. Nilipiga simu saba. Watu walidhani nimelewa. Mwishowe muuza nyama mmoja wa Theta akasema ndiyo, ameliona, waliuliza ngazi ya kisima ina vipandio vingapi.

"Thelathini na tisa," Mwalimu akajibu gizani kabla sijamaliza. "Mwambie thelathini na tisa."

"Mwalimu, huyu anauza nyama. Si yeye anayeuliza."

"Mwambie tu. Asikae hajui."

Nikamwambia. Yule mtu alishukuru, halafu akanisalimia kwa uangalifu sana kila tulipokutana tangu siku hiyo.

Mwalimu alikuwa ameokoka, na si kuokoka kwa juujuu. Alikuwa wa ule ushirika wa ndugu wa zamani, wanaokutana nyumba kwa nyumba Alhamisi alasiri, kila mtu anasimama na kuweka dhambi zake wazi mbele ya wenzake, halafu wanaimba, halafu wanakunywa chai. Yeye hakuficha kitu. Aliungama kwamba amemwita kuku mjinga. Aliungama kwamba ameangalia tangi jipya la maji la jirani akatamani lipasuke. Shida ya kuungama kwake ni kwamba wahusika mara nyingi walikuwa humo humo ndani, wamekaa. "Namshukuru Mungu amenisamehe, maana juzi nilimwita Mama Kamau mvivu moyoni mwangu." Naye Mama Kamau, kikombe mkononi, hajui aseme amina au aondoke.

Uongo ndio aliouchukia kupita yote. Kuna wakati nilisahau msumari mmoja kwenye kiti chake, wa kufungia antena. Alikuja nao kwa miguu mpaka Kimbo, kwenye jua la saa saba, eti asije akaonekana amekaa na kitu cha mtu. Darasani ukimwambia daftari limeliwa na ng'ombe, alikwenda nawe mpaka kwenu kumwona huyo ng'ombe. Alikwenda kweli, mimi nina ushahidi, na sisi hatukuwa na ng'ombe.

Lakini huyo huyo, akisoma hadithi, alikuwa mtu mwingine kabisa. Sauti ya Malkia aliitoa puani. Bundi alimsimamia kwa mguu mmoja, mkono ameegemeza ubaoni, mwalimu mzima wa watu, na viatu vyake vya kisigino kifupi. Mzazi mmoja alikuja shuleni kulalamika kwamba mtoto wake anafundishwa kumpenda bundi, na kila mtu anajua bundi akilia juu ya paa la nyumba kuna mtu anaondoka. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Baba," akamwambia, "huyu ni bundi wa Uingereza. Hajui kazi za bundi wa hapa." Mzazi akaridhika akaenda zake. Uongo huo nao sijui aliuungama au la.

Siku ya uongo wenyewe ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi yetu ya ukungu na manyunyu. Kuni za jikoni zilikuwa zimelowa, na mpishi wa shule aliingia ofisi ya walimu kutafuta karatasi za kuwashia moto. Akachana kurasa za nyuma za kitabu kimoja kilichochakaa. Kilikuwa kitabu cha tano cha Kisima, na kurasa zenyewe zilikuwa sura ya mwisho. Mwalimu aligundua akiwa ameshasimama mbele yetu, watoto hamsini na kitu, tumekaa watatu watatu kwenye dawati, tumengoja Malkia afike mwisho wake muhula mzima. Akafunua. Hakuna kitu. Akafunua tena. Nakumbuka alitazama dirishani muda mrefu. Sisi tulidhani ni mbwembwe za hadithi.

Huko nje mpishi alikuwa anakoroga githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku, kwa ule mwiko mrefu kama jembe.

"Malkia wa Vumbi," Mwalimu akaanza polepole, "alianguka kwa magoti." Akatuambia Malkia alilia mpaka machozi yake yakatuliza vumbi la nchi nzima. Akaungama kila alichokausha, mto kwa mto. Akasamehewa. Na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, akapanda ngazi pamoja na watoto, akaandikwa kazi shuleni kwao, akawa mpishi, na githeri ya shule ile haikuungua tena hata siku moja.

Tulipiga makofi mpaka darasa la sita wakaja kuchungulia. Jumatatu tulimwamkia mpishi wetu, "Habari ya asubuhi, Malkia," na kumwinamia, watoto hamsini na kitu kwenye foleni. Mama wa watu alidhani anatukanwa, akatushtaki kwa mwalimu mkuu.

Basi, miaka ikapita mingi. Nikawa fundi, Mwalimu akastaafu. Jumamosi moja nilikuwa kwake narekebisha dishi lililogeuzwa na upepo, nimeingia ndani kuona kama picha imekaa, na kipindi kilikuwa kile cha Wazungu. Mtangazaji akauliza mwisho wa Malkia wa Vumbi ulikuwa upi. Mzee mmoja mwenye miwani akabonyeza kengele na kusema Malkia aligeuka jiwe, jiwe la kufunikia kisima, milele.

"Haiya! Huyo amekosa," nikasema, nikacheka.

"Sahihi kabisa," mtangazaji akasema.

Nikageuka kumwangalia Mwalimu. Alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili, ile rimoti yake iliyovikwa karatasi ya nailoni, na uso umembadilika.

"Mwalimu?"

"Nilidhani ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Nilidhani mwandishi mwenye akili angemaliza vile vile."

Ndipo akanieleza yote, kuni, kurasa, dirisha. Kwa miaka yote hiyo alikuwa ameamini amebahatisha. Kitabu kizima hakuwahi kukitafuta, na nafikiri aliogopa. Nikasikia hasira, niseme ukweli. Mimi mwanangu nilikuwa nimemsimulia ya mpishi. Nikamwuliza kwa nini hasemi ushirikani, yeye anayeungama mpaka ya kuku.

"Nitasema," akanijibu. "Si Alhamisi hii."

"Lakini mimi umeniambia."

"Wewe hujaokoka. Haihesabiki."

Alhamisi zikapita. Miaka mitatu ya Alhamisi. Kila nilipomwuliza, alikuwa na sababu: wiki hii kuna wageni, wiki hii kiongozi anaumwa meno. Na jioni saa moja alikaa mbele ya televisheni, furaha ya kuwinda Kisima imechanganyika na woga. Hicho kipindi cha siku za kazi ni chetu, cha hapa hapa, kinatazamwa na kila aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Mara tatu Kisima kilitajwa, mara tatu wakauliza mambo ya bundi. "Bwana asifiwe," alikuwa akisema, na kurudi kitini amechoka.

Halafu Wairimu akaingia kwenye kipindi.

Wairimu alikuwa darasa letu, dawati la mbele, yule wa kuinua mkono kabla swali halijaisha. Siku hizi yuko Thika, anafanya kazi kiwandani, kule kwenye laini ya kufunga makopo. Tulipojua atatokea, Ruiru nzima ilitazama. Mimi nilikuwa kwa Mwalimu, nimeitwa kuhakikisha picha hairuki. Wairimu alijibu la kwanza, la pili, mpaka akabaki na swali moja tu apate friji. Wameiweka pale jukwaani, nyeupe, milango miwili.

"Vitabu vya watoto," mtangazaji akasema.

Mwalimu akasimama.

Swali likaja lile lile la mwisho wa Malkia, bila kupunguzwa neno. Wairimu akatabasamu, hata hakufikiri. "Aliokoka," akasema. "Akaandikwa mpishi wa shule."

Watu walicheka, Ngai! Mtangazaji alishika mbavu. "Mpishi?"

"Ndiyo. Wa githeri."

Walipomwambia jibu la kitabu alitikisa kichwa. Alikataa katakata, mbele ya nchi nzima. "Hapana," akasema, "hiyo si kweli. Mwalimu wangu alitusomea. Mwalimu wangu hawezi kudanganya."

Mwalimu alichomoa waya ukutani. Akaketi. Nilimsikia akisema, "Amenitetea." Nilikunja waya zangu nikaenda.

Ile video ya mpishi wa githeri ilisambaa kwenye kila simu. Mtu mmoja aliniletea simu iliyopasuka kioo nitengeneze, na video ilikuwa inacheza humo humo kwenye nyufa.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda ushirikani, nikasimama mlangoni, maana mimi si wa mle. Mwalimu alikuwa wa kwanza kusimama. Hakuzunguka. Alisema alidanganya watoto wa watu miaka yote aliyofundisha, na kwa sababu yake Wairimu amechekwa na nchi nzima. Sauti ilimkatika mara moja tu. Nilitazama chini, viatu vyangu vikawa haviko sawa machoni.

Kawaida ukishaungama, wanaimba. Siku hiyo hakuna aliyeimba. Nusu ya waliokuwa mle ndani walikuwa wanafunzi wake au wazazi wa wanafunzi wake.

"Samahani, Mwalimu," mzee mmoja wa nyuma akasema. "Sasa yule Malkia alienda wapi hasa?"

"Aligeuka jiwe la kufunikia kisima."

"Mpaka lini?"

"Milele."

Mama Kamau akaweka kikombe chini. "Bwana asifiwe," akasema, "lakini hiyo ni mbaya. Mtu hata hakupewa nafasi ya kutubu?"

"Kitabu ndivyo kinasema."

"Hiyo kitabu iliandikwa na nani?"

Kiongozi akaona mambo yanaelekea kuwa mjadala, akaanzisha wimbo haraka. Baada ya chai alimwita Mwalimu kando. Alimwambia Mungu amesikia, lakini Wairimu bado. Aende akapatane naye ana kwa ana.

Tulikwenda Thika Jumamosi. Kabla ya kufika, Mwalimu alitaka kitabu chenyewe, kizima, na tukakipata kwa wale wauzaji wa vitabu vikuukuu vilivyotandazwa chini kando ya barabara. Alikisoma pale pale amesimama, sura ya mwisho, jua likimpiga kisogoni. Akakifunga.

Wairimu alikuwa ndio ametoka zamu, bado amevaa ile aproni ya kazini na nywele zimo ndani ya kofia ya plastiki. Alitukaribisha kwa sababu ndivyo alivyolelewa, si kwa sababu alifurahi. Mwalimu hakukaa.

"Nilidanganya, Wairimu. Nakuomba msamaha."

"Nimesikia." Alimimina chai bila kututazama. "Kazini wananiita Mpishi, Mwalimu. Meneja pia. Juzi ameniita hivyo kwenye kipaza sauti."

"Nakuomba msamaha."

"Na friji." Akaonyesha pembeni mwa ukuta. Meza ilikuwa imesogezwa, pamebaki mahali patupu pamefagiliwa vizuri. "Nilikuwa nimeshapanga. Nilisogeza meza siku ile ile watu wa kipindi walipopiga simu."

Mwalimu alipatazama pale mahali. Sijawahi kumwona mdogo hivyo.

"Nimekuletea sura ya mwisho," akasema. "Nitakusomea. Ujue ulichonyimwa."

Wairimu akakunja mikono. "Haya."

Mwalimu akasoma, Kiingereza mkononi, Kiswahili mdomoni. Lakini hakutoa sauti puani wala hakusimama kwa mguu mmoja. Alisoma alivyokuta. Malkia alishindwa, bundi akasema maneno matatu, Malkia akaganda kuanzia miguuni, akawa jiwe, jiwe likawekwa juu ya kisima. Watoto wakaitwa nyumbani kula.

"Ndiyo hivyo tu?" Wairimu akauliza.

"Ndiyo hivyo."

"Na wale watoto wakaenda kula?"

"Wakaenda kula."

"Hata hawakugeuka nyuma?"

Mwalimu akaangalia ukurasa, akaangalia na nyuma yake. "Kitabu hakisemi."

Wairimu akatazama ile pembe tupu, akatazama kitabu, akafyonya. "Na hiyo ndiyo ingenipa friji," akasema.

Mimi nilicheka kwanza, nikajizuia, nikashindwa. Wairimu akanikazia macho ya dawati la mbele, halafu na yeye bega likaanza kumtingishika. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa amekifungua kitabu tena pale mwishoni na kuweka kiganja juu ya maneno.

Wairimu akavua kofia ya plastiki. Akavuta kiti karibu.

"Sasa nisomee ile yetu, Mwalimu."

"Haimo humu," Mwalimu akasema. Akakifunga kitabu, akakiweka mezani mbali naye. "Haimo kitabu chochote, Wairimu. Ile niliitunga mimi."

"Tumejua, Mwalimu. Anza."